Karakana ya Seremala wa Langoni, Lamu: Kazi ya Kukarabati Shingo ya Gitaa la Umeme

Mpiga gitaa wa pwani ambaye shingo ya gitaa lake imebanduka vanishi, imeingia weusi wa jasho na imeanza kukwaruza kiganja, kwa kawaida huchagua kati ya kuagiza shingo mpya kutoka ng'ambo na kuvumilia hivyo hivyo. Naandika tathmini hii kwa kuwa ipo njia nyingine, nayo iko Lamu, upande wa Langoni, katika karakana ndogo ya seremala ambaye kazi yake ya kila siku ni milango, vitanda na viti vya nakshi, na ambaye mara mojamoja hukarabati udi wa wapiga taarabu. Maoni yangu nayatoa mapema ili msomaji mwenye haraka asipotezewe muda: kwa kazi ya mbao na vanishi sijaona mwenzake kati ya Malindi na Lamu, kwa kazi ya freti, yaani vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, mtu aende kwa tahadhari, na sababu zake nitazieleza.

Gitaa nililompelekea ni la umbo la Stratocaster, lile gitaa la umeme la kampuni ya Fender ya Marekani, na shingo yake ni ya mbao ya mepo, ule mti wa nchi za baridi ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Shingo hii ni ya kipande kimoja. Haina ubao wa vidole uliobandikwa juu. Freti zimepigiliwa katika mbao ileile, na chuma cha kurekebisha mpindo kimeingizwa kwa nyuma, kisha mfereji wake ukazibwa kwa ukanda wa mbao ya kahawia ambao watu wengi hudhani ni pambo. Fender walitumia shingo za namna hii kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1950, na kati ya 1958 na 1959 wakaleta ubao wa vidole wa rozwudi, mbao ya jamii moja na mpingo wetu. Kwa fundi tofauti hiyo si ndogo. Rozwudi ina mafuta yake ya asili na huachwa wazi, lakini mepo ni nyeupe na hunywa uchafu, kwa hiyo ni lazima ifunikwe kwa vanishi mbele na nyuma, na vanishi hiyo ikishakatika chini ya vidole, mbao hugeuka kijivu na haioshwi ikarudi kuwa nyeupe.

Pwani yetu huongeza tatizo. Watengenezaji wa magitaa hushauri chombo kikae mahali penye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, kiwango ambacho mkazi wa Lamu au Malindi atakipata ndani ya chumba chenye kiyoyozi na si kwingineko. Ongeza jasho la mpigaji anayetumbuiza harusini usiku wa kaskazi, ongeza chumvi ya upepo wa bahari, na utaelewa kwa nini shingo yangu ilikuwa imeliwa vibaya zaidi kuanzia freti ya kwanza hadi ya saba, mahali ambapo mkono wa kushoto hukaa muda mwingi. Kwa nyuma kulikuwa na mibonyeo kadhaa, na kingo zilikuwa zimepauka.

Jambo la kwanza lililonifanya nimwamini fundi huyu ni kwamba hakukimbilia msasa. Alitaka kuiona shingo ikiwa bado na nyuzi zake, zikiwa zimekazwa kwa sauti ya kawaida, kwa sababu shingo iliyolegezwa husema uongo kuhusu mpindo wake. Nilimwonyesha namna ya kubana waya mmoja kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, kisha kupima nafasi iliyobaki juu ya freti ya saba, ambayo kwa gitaa la aina hii huwa nzuri ikiwa karibu robo ya milimita. Yangu ilikuwa zaidi ya maradufu ya hapo. Chuma cha ndani hakuwa amewahi kukigusa, kwani udi hauna kitu kama hicho, lakini aliposhika ufunguo wa pembe sita alikizungusha kwa robo ya mzunguko tu, akapima, akangoja, akapima tena. Kampuni ya Gibson ilipata hataza ya chuma cha aina hiyo miaka ya 1920, na bado hadi leo nimeona mafundi wenye mashine za kisasa wakikizungusha kama wanaokaza nati ya gurudumu la lori.

Kisha akafungua skrubu nne zinazoishika shingo kwenye mwili wa gitaa na kunionyesha kisigino, ile sehemu inayojificha ndani ya kiungo. Mbao ilikuwa imekatwa hapo ikikingama mishipa yake, na haikuwa na tone la vanishi. "Mwanangu," aliniambia, "huku ndiko inakonywea maji." Maneno hayo yalitosha kunionyesha kwamba niko kwa mtu sahihi, kwa sababu wengi wanaotengeneza magitaa huhangaika na sehemu inayoonekana na kusahau kwamba mbao hufyonza unyevu kwa wingi zaidi kupitia ncha zake. Karakana yake haiko mbali na watu wa majahazi, na kwa kuwa majahazi hupakwa sifa, yale mafuta ya samaki yenye harufu isiyosahaulika, nilimwuliza kwa mzaha kama naye ataipaka shingo yangu sifa. Alinijibu bila kucheka kwamba sifa ni ya mbao inayolala majini.

Kuondoa vanishi ya zamani kulichukua muda kuliko nilivyotarajia, na nadhani ilikuwa haki. Vanishi za viwandani za siku hizi, ambazo nyingi ni za poliyurethani au poliesta, ni nene na ngumu. Dawa ya kubandulia rangi ingeweza kuzilainisha, lakini dawa hiyo huyeyusha pia vidoto vya plastiki vinavyoonyesha nafasi za freti, na ikiingia katika nyufa zilizo chini ya freti haitoki kwa urahisi. Fundi alitumia bamba jembamba la chuma lililonolewa ukingo, kifaa ambacho wachonga milango hukitumia kusafisha sehemu tambarare, akawa anakwangua kufuata mishipa ya mbao na kutoa nyuzinyuzi nyembamba za vanishi bila kuiumiza mbao iliyo chini. Msasa ulikuja baadaye, wa nambari 220, kisha 320 na 400, nao aliuzungushia kwenye kipande cha kizibo ili usichimbe. Uso wa kichwa cha gitaa, penye nembo ya mtengenezaji, hakuugusa kabisa. Aliuziba kwa karatasi ya gundi na kuuacha ulivyo.

Mibonyeo ya nyuma aliishughulikia kwa kitambaa chenye maji na ncha ya pasi ya makaa. Mvuke ukiingia katika mbao iliyo wazi huzifanya seli zilizobanwa zivimbe na kurudi mahali pake, mradi mishipa haijakatika. Mibonyeo mingi ilipotea. Mmoja, uliokuwa umekatwa na kitu chenye ncha, haukuinuka, na badala ya kuuchimbia mbao inayouzunguka ili kuulainisha, aliujaza kwa tone la gundi kali iliyochanganywa na vumbi la mepo yenyewe. Ukiutafuta kwa macho utauona. Kwa kidole gumba huusikii.

Suala la ule weusi wa kijivu lilizua mjadala kati yetu. Nilitaka shingo nyeupe kama mpya. Yeye alikataa, akasema kwamba uchafu umeshuka ndani ya mishipa na kwamba kuufuata kwa msasa ni kuipunguza shingo unene wake, na mbao ikishaondoka hairudi. Tulikubaliana asafishe hadi mahali ambapo mkono ungeanza kuhisi tofauti, kisha aache. Kivuli hafifu kimebaki kati ya freti ya tatu na ya tano. Wapo watakaokiona kuwa ni dosari, na mteja anayejali sura kuliko umbo na alieleze hilo kabla kazi haijaanza, lakini kwa upande wangu umbo la shingo ndilo sababu ya kulipenda gitaa hilo, na namshukuru kwa kushikilia msimamo wake.

Sasa nije kwenye vanishi, ambayo ndiyo kiini cha kazi hii. Fundi mwenyewe alielekea kutaka shelaki, ile utomvu wa wadudu wa Bara Hindi inayoyeyushwa kwa spiriti, kwa kuwa ndiyo anayoitumia kwenye udi na kwenye viti. Shelaki ni nzuri ajabu kwa macho, hukauka upesi na hurekebishika kirahisi, ila kwenye shingo inayoshikwa kwa kiganja chenye jasho kila jioni hulainika na kuingia ukungu mweupe. Mafuta matupu, kama ya kitani, huacha mbao ikiwa na mguso wa asili ambao wapigaji wengi wanausifu, lakini ulinzi wake dhidi ya unyevu ni mdogo, na mepo ya mbele ingerudi kuwa ya kijivu mapema. Laka ya nitroselulosi, iliyotumika kwenye magitaa mengi ya miaka ya 1950 na 1960, ina sifa kubwa miongoni mwa wapenzi wa vyombo vya zamani, lakini hugeuka kuwa na unato kwa jasho la baadhi ya watu, na kuipuliza kwa bomba ndani ya nyumba za mawe zilizobanana ni kuwatesa majirani.

Tulichokiafiki ni shelaki nyembamba kwanza kama ya kuzibia, na juu yake vanishi ya poliyurethani ya mafuta, iliyopunguzwa kwa terafini na kupakwa kwa kitambaa badala ya brashi. Hapa ndipo nilipoona kwamba mtu huyu anajua anachokifanya. Shelaki ya kawaida ina nta, na poliyurethani haishiki vizuri juu ya nta. Yeye aliiacha shelaki yake itulie ndani ya chupa ya kioo hadi nta ikashuka chini, kisha akachota ile ya juu iliyo safi bila kuitikisa. Sikumwelekeza. Alikuwa amelijua hilo kutokana na meza za hoteli ambazo vanishi yake ilikuwa ikibanduka.

Saa za kazi nazo alizichagua. Hakupaka asubuhi mapema wala baada ya magharibi, kwa sababu spiriti inapotoka upesi huipoza mbao, na hewa yenye unyevu ikikutana na uso uliopoa huacha maji, ndipo vanishi inapopata ule ukungu wa maziwa. Alipaka mchana, milango ikiwa imefungwa kuzuia vumbi la kichochoroni, na siku ya mvua hakupaka kabisa. Matokeo ya uangalifu huo ni kwamba muda ulizidi ule alioniahidi, jambo lililoniudhi kidogo, kwani nilikuwa na shughuli ya kutumbuiza Malindi na nilibidi kuazima gitaa. Kosa lake halikuwa kuchelewa, bali kutonitumia ujumbe. Anayempelekea kazi wakati wa masika na asipange shughuli yoyote inayotegemea tarehe ya kurudishiwa.

Tabaka zilikuwa nyembamba na nyingi, na kati ya tabaka na tabaka alipitisha msasa wa 400 kwa mkono mwepesi. Kisigino alikipaka zaidi ya sehemu nyingine, pamoja na ndani ya matundu ya skrubu. Mbele aliacha mng'aro, na nyuma, mahali panapoteleza kiganja, aliufifisha kwa sufu ya chuma laini kabisa, ile ya nambari 0000. Ieleweke kwamba aliweza kufanya hivyo kwa usalama kwa sababu shingo ilikuwa mbali na mwili wa gitaa. Vumbi la chuma hicho likivutwa na sumaku za vinasa sauti, vile vifaa vya kwenye mwili wa gitaa vinavyopokea mtetemo wa nyuzi, huwa taabu kulitoa. Mguso wa nyuma ni mkavu, mlaini, hauna ule unato unaomfanya mtu ajipangusie kiganja kwenye suruali katikati ya wimbo. Rangi imekuwa ya asali nyepesi, kama ilivyo kawaida ya poliyurethani ya mafuta. Dosari nilizoziona ni chembe chache za vumbi karibu na freti ya kumi na mbili, na mchirizi mdogo wa vanishi pembeni mwa kisigino ambao hauonekani shingo ikiwa imefungwa.

Kidaraja cha juu, kile kinachozipitisha nyuzi kuelekea kwenye vikazio, kilikuwa cha plastiki na kilikuwa kimechimbika. Alikitengeneza kipya kwa mfupa wa ng'ombe aliouchemsha na kuukausha yeye mwenyewe, na kwa mtu aliyezoea kupachika mapambo madogo kwenye viti vya enzi, kipande cha milimita 42 hakikumtoa jasho. Mifereji miwili ya nyuzi nyembamba ilikuwa juu kidogo. Aliishusha nikiwa nimekaa hapo hapo. Matundu ya skrubu za vikazio yaliyokuwa yamelegea aliyajaza kwa vijiti na gundi, akatoboa upya.

Freti ndizo zilizonipunguzia furaha. Ni haki niseme kwamba alinitahadharisha: udi hauna freti, na kazi za gitaa zinazomfikia ni chache. Freti za kawaida si za fedha ingawa hung'aa kama fedha. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, nazo huchimbika chini ya nyuzi za chuma. Kazi ya kuzisawazisha ina hatua mbili zisizotenganishwa. Ya kwanza ni kupitisha tupa ndefu iliyonyooka juu ya zote hadi zilingane, na hii aliifanya vizuri, tena kabla ya kupaka vanishi, ambao ndio utaratibu unaotakiwa. Ya pili ni kurudishia kila freti mgongo wake wa mviringo, ili waya uguse mstari mwembamba wa katikati. Hapa alikosa kifaa. Alitumia tupa ya pembe tatu ya kawaida, na freti za juu, kuanzia ya kumi na mbili kwenda mwisho, zilibaki na migongo bapa. Freti bapa huufanya waya ukome kwenye ukingo badala ya katikati, sauti ikatoka pembeni kidogo ya noti yake na kulia kwa mtetemo wa kukera. Mpigaji wa nyimbo za kuitikia kwa kodi za chini, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, huenda asilitambue hilo. Mwenye kupiga solo atalitambua mara ya kwanza. Nilipomrudishia alizirekebisha freti tatu zilizokuwa mbaya zaidi na kunipunguzia bei. Zilizobaki zilimaliziwa baadaye na mpigaji mwenzangu wa Malindi mwenye tupa maalumu ya mgongo, ambayo ina mfereji wa mviringo na hufanya kazi hiyo kwa dakika chache kwa kila freti.

Kuhusu bei, nililipa shilingi 7,000 kwa jumla baada ya punguzo, nusu kabla na nusu baada, kwa M-Pesa. Hatoi risiti ya karatasi, kwa hiyo ujumbe wa malipo ndio kumbukumbu yenyewe, nami nashauri mteja amwandikie kwa simu maelezo ya walichokubaliana: aina ya vanishi, mng'aro au ufifi, na kinachohusu freti. Kwa mtu wa Malindi gharama ya kweli ni safari ya basi kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Shingo pekee huingia katika kasha jembamba na inaweza kutumwa, lakini sishauri kuituma peke yake mara ya kwanza, kwa sababu mpindo wake haupimiki bila mwili wa gitaa na nyuzi zilizokazwa. Nendeni na gitaa zima, na nyuzi mpya za unene mnaoutumia kila siku, pamoja na ufunguo wa chuma cha ndani, kwa kuwa hana vipimo vyote.

Baada ya kuichukua niliining'iniza shingo bila nyuzi hadi harufu ya terafini ikaisha kabisa, kama alivyoagiza. Vanishi ya mafuta hukauka juu siku ileile lakini huendelea kuwa laini ndani kwa wiki kadhaa, na kibano cha chuma kikifungwa mapema huacha alama. Tangu hapo gitaa limepita majira ya mvua na sijalazimika kugusa chuma cha ndani, ilhali hapo awali nilikirekebisha kila upepo ulipogeuka. Nina shingo nyingine, ya ubao wa rozwudi, ambayo mgongo wake umebanduka vibaya, nayo nitampelekea yeye yule baada ya masika. Freti za hiyo nitazitengeneza Malindi kwanza.